Uji Usiotulia Chupani

Uji wangu ulikuwa na tabia ya kulipuka. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanaonikuta leo jikoni kwangu Ruiru, nimevaa kofia nyeupe na aproni iliyopigwa pasi, hudhani nilizaliwa nikijua ninachofanya. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimkabidhi mteja chupa na kumwambia, "Fungua polepole, na usiielekeze usoni." Sidhani kulikuwa na mtu mwingine kati ya Ruiru na Thika aliyeuza kiamshakinywa kwa masharti ya baruti.

Uji wenyewe ulikuwa wa mama. Ni ule mchachu wa wimbi na mahindi ambao kwetu huitwa ucuru, na mama aliuuza alfajiri nje ya malango ya viwanda vya Thika, kwa jagi na vikombe, kwa wafanyakazi wa zamu. Baba alikuwa ametangulia. Mama alipomfuata nilikuwa kidato cha pili, na nyuma yangu kulikuwa na dada na ndugu mdogo, ambao msiba haukuwazuia kuona njaa. Nikavua sweta ya shule, nikashika mwiko. Ndugu yetu huyo sasa ana mke na nyumba yake Thika, na katika habari hii hayumo, ila kama mtu anayekuja Jumapili kunywa bila kulipa.

Wafanyakazi waliozoea kumwita mama "Mama Uji" walinitazama wakakosa la kuniita. Mmoja akasema, "Basi huyu ni Baba Uji," na jina likanikaa. Sikuwa na ndevu hata moja, na tayari nilikuwa baba wa sufuria mbili.

Mama alikuwa na siri moja. Uji ukishaiva na kupoa, unaurudishia kikombe cha ule mbichi uliokaa mtungini ukachachuka. Yeye aliita hivyo kuuamsha. Usipoamshwa, uji ni mchachu tu. Ukiamshwa, unakuwa na ukali unaoutekenya ulimi. Mama aliuamsha asubuhi na kuumaliza kabla jua halijapanda, kwa hivyo uji wake haukupata nafasi ya kufanya ujinga. Ni mimi niliyejiona mtu wa kisasa. Nikaanza kuutia kwenye chupa, nikakaza vifuniko, nikauacha ulale humo. Uji ulioamshwa ukifungiwa ndani hufanya vile ambavyo mimi na wewe tungefanya.

Ulinilipukia kibandani. Ulilipuka ndani ya mkoba wa mama mmoja mlangoni mwa kanisa. Kwenye ruracio moja Kalimoni, familia mbili zikiwa zimekaa kuzungumzia mahari, kifuniko kiliruka kikampata mjomba wa bibi harusi kwenye paji la uso wakati anataja idadi ya mbuzi. Akajipapasa, akasahau alikuwa amefikia wapi. Upande wa bwana harusi umenipenda tangu siku hiyo.

Dada yangu hakucheka. Alikuwa amemaliza cheti cha biashara kwenye chuo kimoja Thika, akatafuta kazi mpaka akachoka kuitafuta, na jioni moja akaweka pasipoti mpya mezani, kando ya kopo la chumvi.

"Kuna ajenti," akasema. "Uarabuni. Kazi za nyumba."

"Na uji?"

"Uji ni yako, bro. Hata wiki moja haiwezi kukaa kwa shelfu. Sasa mimi nikae kwa nini?"

Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba hatutatawanyika. Kwa ajili ya ahadi hiyo niliacha shule, na kwa ajili yake nimekataa mambo mengine ambayo sitayataja, kwa kuwa walionikataa mimi ni wengi zaidi. Dada nikamjibu kwa hasira, kama wanavyofanya kaka wakubwa wasio na hoja.

Wiki hiyohiyo mlango ukafunguka kidogo. Mzee mmoja mwenye duka Kahawa Sukari, ambaye wateja wake ni familia za pale na wanafunzi wa chuo kikuu, alionja uji wangu, akafumba macho, akasema umemrudisha jikoni kwa mama yake.

"Lakini mimi nina friji ya kioo, Baba Uji," akasema. "Niletee chupa ikae wiki nzima bila kunivunjia kioo, nitachukua kreti zako kila Jumatatu. Ikilipuka, nitakurudishia vipande kwa mfuko."

Nikampelekea dada habari hizo mbio. Akafikiri, akapiga hesabu zake kichwani. "Sawa. Ajenti anasema safari ni baada ya mvua ndefu. Mpaka hapo niko na wewe. Ukituliza hiyo uji, nakaa. Usipotuliza, usinililie uwanja wa ndege." Pasipoti akairudisha. Niliona vizuri kwamba hakuirudisha kabatini. Aliirudisha kwenye mkoba wake wa kutokea.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukiishi na serikali. Jiko langu lilikuwa nyuma ya ploti moja ya nyumba za kupanga Ruiru, kwenye safu ya vibanda: kinyozi, saluni, fundi wa viatu, na mwishoni karibu na geti, mama mshonaji tuliyemwita Mama Fundi. Ili niuze kikombe kimoja cha uji kihalali nilihitaji kibali cha biashara, cheti cha afya, cheti cha zimamoto, kibali cha kusafirisha chakula na kibali cha bango. Kila kimoja kilikuwa na ofisi yake na foleni yake, na nilipokipata cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimeisha muda. Bango lenyewe lilikuwa neno UJI nililopaka ukutani kwa rangi nyekundu. Nikaambiwa hilo ni tangazo, lilipiwe. Nikalifuta. Baadaye akaja afisa mwingine akauliza kwa nini biashara yangu haina jina ukutani.

Basi safu yetu ilikuwa na utaratibu wake. Gari la kanjo, yaani askari wa kaunti, lilipokunja kona, Mama Fundi alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu. Hapo kinyozi alizima mashine, mimi nilisukuma sufuria chini ya meza na kuzifunika kwa shuka, na wote tulijaa jikoni kwangu, tukawa kikundi cha maombi. Wateja wa saluni walikuja na nywele zilizosukwa upande mmoja. Kuna mteja wa kinyozi aliyewahi kuomba kwa machozi ya kweli, kwa sababu alikuwa amenyolewa nusu na ana mahojiano ya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa mchungaji, maana jiko lilikuwa langu. Nilijua kuomba kwa muda mrefu kuliko afisa yeyote anavyojua kusubiri.

Nakubali chakula kinahitaji kuangaliwa. Mtu ambaye uji wake umempiga mjomba wa watu usoni hana haki ya kudai aachwe afanye apendavyo. Lakini katika wote waliokuja kunikagua, hakuna aliyewahi kuniuliza, "Kwa nini unalipuka?" Walibeba sufuria, nikaenda kuzikomboa, nikarudi nikiwa mjinga kama nilivyotoka, ila nimechelewa.

Dada ndiye aliyesikia redioni kwamba chuo kikuu kimoja huku kwetu kimepewa fungu la utafiti kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo: wapeleke shida zao, maabara izishughulikie bure. Kaunti nayo ilikuwa imekubali kwamba watakaoingia kwenye mpango huo watumie kibali kimoja badala ya rundo, na afisa wa afya aje kwa siku iliyopangwa, aelekeze kwanza kabla ya kuadhibu. Nikamwambia dada huo ni mtego. "Ndiyo," akasema, "wamejenga chuo kikuu kizima ili wakushike wewe." Akatuma maombi kwa simu yake. Kwenye nafasi ya kueleza tatizo akaandika maneno mawili: uji unalipuka.

Siku mtafiti alipokuja, dada alikuwa Thika akiuza. Nilisikia Mama Fundi akianza wimbo. Nikachungulia: gari jeupe lenye nembo mlangoni, na mwanamke wa makamo akishuka na kisanduku baridi mkononi. Watu wa kisanduku baridi ndio wabaya kuliko wote. Sufuria chini, shuka juu, watu ndani.

Alipofika mlangoni alitukuta tumeinamisha vichwa. Sasa afisa wa kawaida hukohoa, hutazama saa, huondoka. Huyu aliweka kisanduku chini, akavua miwani, akaungana nasi. Nilipomaliza kwa kukosa maneno, akapokea yeye. Akaomba kwa utulivu, kwa mpangilio, akiwataja wajane, wagonjwa, na wale wote wanaohangaika na biashara ndogo. Niliogopa kufumbua macho. Chini ya meza, ndani ya shuka, chupa moja ikafanya *pop*.

"Amina," akasema mtafiti. "Nadhani ndiyo hiyo nimekuja kuona."

Akajieleza: yeye ni mtaalamu wa vyakula, ametoka chuo kikuu, dada yangu alituma maombi. Kinyozi na watu wake wakatoka mmojammoja, kwa aibu, kama waliotoka ubatizo wa kanisa lisilo lao. Mtafiti akasema kisanduku chake kimeshajaa sampuli za wengine, atapita tena kesho kuchukua yangu.

Neno hilo liliniharibia usiku. Kwa watu wa safu yetu, sampuli ikichukuliwa leo, barua ya mahakama haiko mbali. Nikawaza pia: wakigundua narudishia kikombe kibichi kwenye uji ulioiva, watakipiga marufuku, na kikombe hicho ndicho pekee mama alichoniachia ambacho hakijachakaa. Zaidi ya yote, nilikuwa mtu aliyeachia shule kidato cha pili, na kwa akili ya kidato cha pili, ukiitishwa kazi yako ikasahihishwe, hupeleki ile yenye makosa. Kwa hiyo nikapika sufuria mpya, safi, iliyoiva sana. Sikuiamsha. Ili iwe na uchachu, nikakamulia ndimu. Nikachemsha chupa, nikafuta vifuniko, na asubuhi nikamkabidhi mtafiti uji mwenye adabu kuliko wote waliowahi kutoka jikoni kwangu. Nilijisifu siku nzima.

Mtafiti alichukua wiki kadhaa, mvua zikinyesha. Siku aliyopiga simu, dada alikuwa ameketi karibu nami akichagua wimbi.

"Nimejaribu kila kitu," mtafiti akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa na sayansi. "Nimeuweka kwenye joto, nimeutikisa. Haulipuki. Hauna chachu hai hata kidogo. Kwa kweli uji wako hauna tatizo lolote."

"Asante sana, daktari," nikasema kwa fahari.

Dada alinitazama. Akainuka, akaenda kwenye rafu nilipokuwa nimeacha chupa moja ya ule uji wenye adabu kama ukumbusho wa ushindi wangu. Akaifungua bila kuielekeza pembeni. Akanywa. Akatema.

"Ni ndimu," akasema. "Haiya! Bro, ulipeleka ndimu?"

"Daktari hajamaliza kuongea," nikasema.

Akaninyang'anya simu. "Daktari, samahani. Huyu ni dada yake. Amekupea uji ya wageni."

Nikasikia mtafiti akicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Wala dada. Alikuwa akitazama nje, mvua imepungua, na nilijua anachohesabu. Ajenti alikuwa amempigia jana yake. Nilikuwa nimepewa msaada niliouhitaji maisha yangu yote, na nikaudanganya ili nipate alama nzuri.

"Mwambie alete ile mbaya," mtafiti akasema. "Ile mbaya kabisa aliyonayo. Aje nayo mwenyewe leo."

Nikaenda kwenye kreti ya nyuma, nikachagua chupa iliyokuwa imevimba mpaka haikusimama wima. Nikaifunga kwa sweta, nikaipakata njia nzima mpaka chuoni. Mlinzi wa geti alipouliza nimebeba nini, nikasema uji, na alipoona jinsi nilivyoushika hakuniamini, naye hakutaka kuushika kuthibitisha.

Maabara ilikuwa nyeupe kila mahali, jambo ambalo nililiona lakini sikulifikiria. Mtafiti alikuwa na wanafunzi kadhaa kando ya meza. Nikaweka chupa juu ya meza. "Hapa ndani ni vile mama alivyokuwa anafanya," nikaanza kumweleza, na nikamweleza yote, mtungi, kikombe kibichi, kuamsha. Pengine uji ulisikia habari zake zinasemwa. Ulipasuka. Uligonga dari, ukarudi. Ulipata makoti ya wanafunzi wote bila ubaguzi. Mtafiti alivua miwani, akaifuta, akaonja kidogo kutoka kwenye mkono wake mwenyewe.

"Sasa," akasema, "hiyo ndiyo sampuli."

Alikusanya uji uliobaki kwenye kitako cha chupa kana kwamba ni dawa ya hospitali. Hakukipiga marufuku kikombe cha mama. Kinyume chake, alisema ndimu yangu ndiyo iliyokuwa dhambi. Kwa siku nyingi yeye na wanafunzi wake walijaribu hili na lile, wakaja jikoni kwangu, wakanionyesha: niuamshe uji kama mama, niuache umalize vituko vyake usiku kucha kwenye ndoo kubwa yenye kifuniko kilicholegezwa, kisha niupashe moto tena kwa upole, mpaka joto ambalo mkono hauvumilii lakini halijafika kuchemka, na niujaze kwenye chupa za kioo ukiwa bado moto. Nikipitisha joto hilo, ladha inakufa. Nikilikosa, narudi kwenye vita. Walinipa kipimajoto kirefu. Nilikivunja siku ya kwanza nikikoroga nacho. Wakanipa kingine, safari hii wakamkabidhi dada.

Tulipeleka chupa moja Kahawa Sukari siku za mwisho za mvua. Mzee wa duka aliiweka kwenye friji, lakini kwanza akaondoa soda zilizokuwa jirani, na akaigeuza shingo ielekee ukutani. Wiki hiyo nilipita pale kila siku nikijifanya nanunua kiberiti. Nyumbani kulikuwa na viberiti vya kutosha kuchoma Ruiru. Dada hakwenda hata mara moja. Alipanga nguo zake kitandani, akazipangua, akazipanga tena.

Wiki ilipotimia tulienda wote wawili. Mzee alitoa chupa kwa kitambaa, akaiweka juu ya kaunta, akarudi hatua moja. Hakuna aliyetaka kuifungua. Dada akaichukua, kwa mazoea akaielekeza kwangu, akazungusha kifuniko.

Ilitoa pumzi kidogo tu, kama mtu anayeketi baada ya kutembea. Basi.

Dada akanywa. Alikaa na uji mdomoni kwa muda, na nilidhani amekuta kosa. Kisha akameza, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema, "Ni ya mama." Mzee naye akaonja, akafumba macho kama mara ya kwanza. Tukiwa bado palepale, simu ya dada ikalia. Akatazama ni nani, akaipokea akiwa amenipa mgongo.

"Ndiyo, ajenti," akasema. "Hapana, leo siwezi kuongea sana. Niko kazini."

Kisha akanigeukia. "Na wewe usianze kulia kwa duka ya watu. Kreti za Jumatatu nani anabeba? Mimi sibebi."

Mwezi uliofuata afisa wa afya wa kaunti alikuja kwa siku iliyopangwa, kama walivyoahidi. Kibali chetu kimoja kilikuwa kimetundikwa ukutani, palepale lilipokuwa neno UJI. Kila kitu kilikuwa tayari. Lakini gari lilipokunja kona, Mama Fundi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwarifu, alianza kuimba. Kinyozi akazima mashine. Na mimi, mwenye kibali, mwenye aproni iliyopigwa pasi, magoti yangu yalishuka yenyewe mpaka sakafuni.

Afisa alikuwa ameshafika mlangoni. Dada akanipita na kipimajoto mkononi, akaenda kumpokea, na bila kugeuka akaniambia kwa sauti ya chini:

"Inuka, bro. Huyu tulimwalika."